Kabla Mkono Haujagusa Chuma

Asubuhi ile nilikufa mara nne kabla ya saa moja na nusu, na hakuna hata mara moja iliyonishangaza.

Mara ya kwanza ngazi iliteleza, nikaangukia shingo. Mara ya pili mtu alifungua vali isiyo yake, maji ya moto yakaingia tangini, yakaanzia miguuni na kupanda. Mara ya tatu feni ilizimika. Mara ya nne ulikuwa moyo tu, moyo wa Lusajo, ambao una uzembe fulani upande wa kushoto. Ulisimama nikiwa katikati ya ngazi. Nikavua ganda, nikaketi kwenye benchi nimelowa jasho chapachapa, nikaandika. Ngazi ifungwe juu na chini. Vali ipigwe kufuli, ufunguo akae nao Lusajo mwenyewe. Feni ya akiba iwepo. Lusajo apande polepole, apumzike katikati.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Wenye adabu huniita Mtangulizi. Wengine huniita Marehemu, na wakidhani sisikii hucheka.

Zamani, mama yangu alipokuwa fundi hapa kwenye kituo cha mvuke cha Itolwa, kazi ilianza kwa fomu. Mtu aliorodhesha hatari kwenye karatasi ya rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuumizwa na karatasi, kila siku ilikuwa ya kijani. Ukaja mwaka ule wa watu kumi na tisa waliofia ndani ya bomba moja la mvuke. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Kutangulia: hakuna mkono utakaogusa chuma kabla hatari ya siku hiyo haijamuuma mtu kwanza. Wakatengeneza ganda. Ni vazi zito la kijivu linalokubana kuanzia utosini hadi nyayoni, na ndani linanuka mpira na jasho la jana. Linajua unene wa kila bomba, umri wa kila vali na upepo wa siku hiyo. Linaujua mwili wa kila mfanyakazi kutoka kwenye daftari la mwili, macho yake, masikio, magoti, mapigo ya moyo. Linaichezesha siku nzima ya kazi mara elfu nne, kisha linachagua zile zilizoharibika na kukupitisha humo, ukiwa ndani ya mwili wa yule atakayeumia. Maumivu ni ya kweli. Kidonda ndicho hakipo.

Nimeifanya kazi hii miaka kumi na mmoja. Chai ya moto siwezi tena kuinywa. Mume wangu aliondoka mwaka wa nne, akasema amechoka kulala na mtu anayeruka kitandani kila sufuria inapochemka. Simlaumu. Na mimi ningejua pa kuondokea ningeondoka.

Siku hiyo kazi ilikuwa tangi namba saba. Mvuke ukitoka ardhini huja na maji na madini yaliyoyeyuka, na tangi ndilo linaloyatenganisha. Baada ya miezi sita ukuta wake wa ndani hushika ukoko kama sufuria ya ugali. Mtu mmoja huingia kuukwangua. Huyo alikuwa Lusajo. Mwingine hubaki nje, kwenye mdomo wa tangi, ameshika kapi la kumvutia. Huyo ni mlinzi wa mlango, na mlinzi wa mlango wetu kwa miaka ishirini na sita alikuwa Mzee Asumwisye.

Redio haipenyi chuma kile. Betri hufa kwa joto. Kwa hiyo aliye ndani hugonga ukuta kwa spana, kama walivyogonga mababu wa kazi hii: mara moja, niko salama, mara mbili, ongeza hewa, mara tatu, nitoe. Ukoko ukivunjika vibaya hutoa gesi ya mayai viza, na gesi hiyo ikiwa nyingi hainuki. Inaua pua kwanza, ndipo imfikie mwenye pua. Kuanzia hapo aliye ndani ana nafasi ya kugonga mara tatu, na mlinzi ana sekunde arobaini za kumvuta.

Kifo hicho ganda halikunipa. Katika siku zote elfu nne, kila Lusajo alipogonga, Mzee Asumwisye alivuta kapi. Kijani tupu.

*

Nilikuwa kantini nakunywa uji uliopoa, nikiitazama picha ya tangi kwenye kibao changu bila kufikiri chochote, pale nilipoona rangi. Tangi lilikuwa la fedha, linang'aa. Matangi yetu ni ya kahawia, yana kutu. Nikagusa picha kuona maelezo. Ijumaa iliyopita kikosi cha ukarabati kilikuwa kimelivika namba saba blanketi la kuzuia joto, unene wa kiganja kizima, kuanzia kitako hadi mdomoni. Ganda lilijua. Lilipiga hesabu ya sauti ya spana kupita kwenye blanketi lile, likaona mtu mwenye masikio mazima aliye hatua mbili kutoka mdomoni atasikia bila shida.

Uji ukanishinda. Nikausukuma pembeni.

Mzee Asumwisye hasikii. Hasikii hata radi. Miaka ishirini na sita ya ngurumo za mvuke ilimla masikio kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimeligundua hilo siku sitini na moja kabla, hapo hapo kantini, nilipopita nyuma yake na sinia la supu nikasema "Simile, simile baba," naye hakutikisika, supu ikammwagikia begani. Alipogeuka hakuitazama supu. Alinitazama mdomo. Nikaelewa.

Siku ile alinitoa nje, akaniambia yote bila aibu. Kipimo cha masikio cha kila mwaka anakipita kwa kutazama bega la nesi, maana hushuka kidogo kila anapobonyeza kitufe. Na mlangoni? Akacheka. "Mlangoni sitegemei masikio, mwanangu. Naweka kiganja hapa." Akagonga ukuta. "Chuma kinaongea. Naujua ugongaji wa Lusajo kuliko mkewe."

Ningeandika siku ile ile. Sheria iko wazi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mwili unaotajwa kuwa chanzo cha hatari unafungwa: hauingii tena getini, na zahanati ya kituo haiutambui, wala haiwatambui wanaoutegemea. Mama Tusa, mke wake, husafishwa figo pale Jumanne na Ijumaa. Mzee alikuwa amebakiza miezi sita astaafu, na anayestaafu kabla mwili wake haujafungwa hutibiwa, yeye na wanaomtegemea, hadi kaburini. "Miezi sita tu," aliniambia. "Katika miaka yote hiyo nimewahi kumwacha mtu ndani?"

Hakuwahi. Nikanyamaza. Nilijiambia kiganja chake kina thamani kuliko masikio ya vijana wawili. Ilikuwa kweli wakati ule, na ukweli wa wakati mmoja ndio uliotaka kutuua.

*

Watangulizi siku hizi hawatembei. Hatuna haja, ganda limeshatembea. Kutoka chumba changu hadi tangi namba saba ni hatua mia tatu, na nilikuwa sijazipiga kwa mwaka mzima. Getini nilipita chini ya kile kibao kikuukuu cha Tahadhari Kabla ya Hatari, ambacho fundi mmoja mtundu amekitundikia glavu iliyochanika, na wala sikumbuki kama zamani nilikuwa nakisoma.

Mzee Asumwisye alikuwa ameshafika. Alisimama kwenye jukwaa la mdomo wa tangi, amenipa kisogo, viganja vyote viwili kwenye blanketi jipya, anavisogeza huku na huku kama daktari anayetafuta mtoto tumboni. Sikumwita, ingekuwa bure. Nikachukua spana iliyokuwa kwenye ndoo, nikaupenyeza mkono ndani ya mdomo wa tangi na kugonga ukuta mara tatu, kwa nguvu zangu zote.

Viganja vyake viliendelea kutafuta.

Nikagonga tena. Ndipo aliponiona kwa pembe ya jicho, akashtuka, kisha akaona spana. Uso wake ulikunjamana taratibu.

"Umegonga?" akauliza.

"Mara sita, baba."

Akavua glavu, akapiga magoti, akaanza kutafuta chuma kitupu. Mdomo wenyewe ulikuwa umevishwa mpira kushikilia bomba la feni. Ngazi ilikuwa ya plastiki ngumu. Mwishowe alipata boliti moja chini ya jukwaa ambayo blanketi halikuifunika vizuri, akaweka kidole gumba. "Gonga sasa," akasema. "Gonga kama Lusajo. Usiniambie ngapi."

Nikagonga tatu.

"Moja!" akasema, na furaha ikamjaa usoni. "Nimeipata. Moja, niko salama."

Nilimwonyesha vidole vitatu. Alivitazama muda mrefu, kama vile angevitazama sana vingepungua.

"Tatu," akasema.

"Tatu, baba."

Akaketi kwenye jukwaa, miguu ikaning'inia. Nikaketi kando yake, nimemgeukia ili anione mdomo. Kwa mbali bomba kuu lilikuwa linanguruma kama kawaida yake, na nikawaza kwamba katika watu wote wa Itolwa ni yeye peke yake aliyekuwa amekaa kimya.

"Sema naumwa," akasema. "Leo tu. Tumbo."

"Ukisema tumbo watakupima mwili mzima, na mashine ya zahanati haina bega la kutazama. Na kesho? Wanayavika matangi yote kumi na moja. Namba nane wanamaliza Alhamisi."

"Basi kataa kusaini kibali."

"Nikikataa bila sababu msimamizi Shemdoe atamwita mtangulizi wa zamu ya pili. Atavaa ganda, atakufa vifo vyangu vile vile vinne, atasaini."

Alitikisa kichwa polepole. Hakulia wala hakunibembeleza, na hilo ndilo lililoniuma, maana angenibembeleza ningepata pa kumkasirikia. "Nina miezi minne," akasema. "Mama Tusa jana kala vizuri. Kala samaki mzima." Kisha akainuka, akavaa glavu zake, akaanza kukagua kapi, jino moja baada ya jingine. Kapi ni kazi ya macho, na macho yake bado ni ya kijana.

*

Nilirudi kwenye ganda. Mguu ulikuwa mzito nikipanda ngazi ya chumba changu, nikakumbuka kwamba mama alistaafu akiwa na umri kama wangu, na alikuwa bado anacheza ngoma harusini.

Nikafungua daftari la mwili. Asumwisye Mwakipunda, mlinzi wa mlango. Masikio: mazima. Nikafuta, nikaandika sifuri. Mashine ikaniuliza chanzo cha taarifa. Nikaandika, Nimeona kwa macho yangu. Nikavaa ganda.

Liliichezesha siku mara elfu nne na halikusita hata kidogo. Nikajikuta tangini, mwili wa Lusajo, miaka thelathini na miwili, mikono yenye nguvu ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Nakwangua. Kipande kikubwa cha ukoko kinabanduka. Harufu ya mayai viza inakuja, kisha inakoma, na naona nafuu, hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, ile nafuu. Magoti yanalegea. Nagonga tatu. Juu kuna duara la mwanga, na ndani ya duara uso wa Mzee Asumwisye unanitazama, na kwa kuwa ndani ni giza na nje ni jua haoni kitu. Amenyoosha mkono chini ya jukwaa. Nagonga tatu tena. Anatabasamu. Anainua kidole gumba.

Nimekufa mara elfu mbili na zaidi. Nimeungua, nimepondwa, nimekatwa. Sijawahi kufa nikitazamwa kwa upendo kiasi kile.

Nilipovua ganda nililia kwa sauti, peke yangu, mpaka kamasi zikanitoka. Kisha nikanawa, kwa sababu kikao cha kibali ni saa tatu kamili na Shemdoe hapendi kungoja.

Kibao kilikuwa kinasubiri niandike neno moja. Chini ya kila kifo pana mstari: Chanzo. Sheria inataka jina moja, ndio mwili utakaofungwa, na wengine wote wanaokolewa kwa hilo. Mashine ilikuwa imeshapendekeza jina la mzee. Ilikuwa haki, masikio yalikuwa ya kwake. Lakini mashine ilijua leo. Mimi nilikuwa nimejua kwa siku sitini na moja, nikiwa ndiye pekee anayelipwa ili ajue. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema tumwiteje anayeficha maradhi ya mwenzake mpaka kifo kije kimuumbue mtu wa tatu.

Nikaandika: Subilaga Mwakilema, mtangulizi.

*

Kikao cha kibali hufanyika kwa duara. Ni mabaki ya zamani. Mama alinisimulia kwamba enzi zao kila mtu kwenye duara alitaja kitu kimoja kitakachoweza kumuumiza siku hiyo, na hakuna aliyeruhusiwa kurudia cha mwenzake. Ganda lilipokuja mtindo ukafupishwa. Siku hizi msimamizi anauliza "Hatari?" na watu wote wanajibu kwa pamoja, "Mtangulizi ameshapita!" kisha wanakwenda kazini. Nimelisikia jibu hilo kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nalionea fahari.

Tulikuwa saba. Shemdoe, msimamizi wetu, mtu mwema mwenye haraka, alishikilia kinasa cha kibali mbele yake. Kila kinachosemwa mbele ya kinasa ni ushahidi. Mzee Asumwisye alisimama nyuma yangu kidogo, kando ya kapi lake. Lusajo alikuwa ng'ambo, ameshafunga mkanda, spana kiunoni.

"Hatari?" akauliza Shemdoe.

"Mtangulizi amesha..."

"Sijapita," nikasema.

Duara likanyamaza.

"Kuna hatari ambayo sikuiandika. Aliye ndani ya saba akigonga leo, hatavutwa. Nimeijua asili yake tangu miezi miwili iliyopita, nikanyamaza. Chanzo ni mimi. Nimeshajiandika."

Shemdoe alinitazama, akakitazama kibao chake, akanitazama tena. "Dada Subi," akasema kwa sauti ya chini, "unajua unachokisema? Kinasa kinachukua."

"Najua."

"Hatavutwa kwa nini?"

Kabla sijajibu nilisikia hatua nyuma yangu. Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo kabisa. Nilisema yote nikiwa nimempa kisogo Mzee Asumwisye. Hakuona mdomo wangu. Hakujua kwamba jina lake halipo. Alichokiona ni duara lililonyamaza na uso wa msimamizi uliobadilika, akadhani nimeshamtaja, au sijui alidhani nini. Alipita mbele yangu, akavua kofia ngumu, akaishika kifuani.

"Sisikii," akaliambia duara, kwa sauti kubwa mno, kama wanavyosema viziwi. "Miaka mitano sasa. Nasikia kwa kiganja, na blanketi hili limekiziba. Leo ningemwacha Lusajo ndani. Msimsumbue huyu binti, mimi ndiye nilimwomba."

Nikamshika mkono. "Baba," nikasema, lakini alikuwa anawaangalia wao.

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na ilinichukua muda kulielewa. Bupe, fundi wetu wa feni, alikuwa ameinamisha macho. Wale vijana wawili wa vali walikuwa wanatazama viatu vyao. Nikawageukia mmoja mmoja.

"Mlijua?" nikauliza.

"Tulijua, dada," akasema Bupe. "Kila mtu anajua. Tulidhani mashine inajua pia. Tukasema, kama Mtangulizi anapita kila siku na hafi kwa hilo, basi si hatari."

Shemdoe akashusha kinasa, lakini hakukizima. "Na wewe?" akamuuliza Lusajo. "Wewe ndiye unayeingia."

Lusajo alikuwa anacheza na kifungo cha mkanda wake. Ni mtu wa maneno machache, na niliona yanavyomsumbua kutoka.

"Mimi nimejua tangu mwaka juzi," akasema. "Ndiyo maana huwa nagonga kwa nguvu."

Kibao cha Shemdoe kikalia kudai jina moja, jina moja tu. Akakitazama mpaka kikazima chenyewe. Kisha akaketi juu ya ndoo, akapangusa uso kwa kofia yake, akasema kazi haijaanza, na kwamba hatatoka pale mpaka kila mtu ataje kinachoweza kumuumiza, na asirudie cha mwenzake. Bupe akasema glavu yake ya kulia ina tundu. Kijana mmoja akasema hajalala, mtoto ana homa. Tukaendelea hivyo. Sikujua kitakachompata Mama Tusa siku ya Ijumaa, na bado nilikuwa nimechoka, nimechoka sana, ila kwa mara ya kwanza uchovu huo haukuwa wangu peke yangu.

Mzee Asumwisye alikuwa anageuka kutoka mdomo hadi mdomo, ameshapotea. "Amesemaje?" akaniuliza. "Lusajo amesemaje?"

Lusajo akalikata duara katikati, akaja mpaka kwake. Akamvua glavu, akamfungua kiganja, akakigonga kwa kidole mara moja.